Klorini katika bwawa la kuogelea la nyumbani

Klorini katika bwawa la kuogelea ni dawa inayotiwa majini ili kuua bakteria, virusi na mwani, kisha kubaki humo ikikabili uchafu unaoletwa baadaye na waogeleaji, upepo na mvua. Kuisimamia maana yake ni kuhakikisha kwamba kila wakati bwawa linapotumika kuna klorini huru ya kutosha, wala si kumwaga kiasi kilekile cha dawa kila wiki.

Bwawa la nyumbani lina maji machache kuliko la hoteli au la shule. Mara nyingi halina mashine ya kutia dawa yenyewe, na waogeleaji wake wengi ni watoto. Kwa hiyo maji yake huharibika upesi, na wanaoumia kwanza ni wadogo. Makala hii inaeleza kanuni za jumla na inatumia mfano wa Butimba, kata ya Wilaya ya Nyamagana katika Jiji la Mwanza, Tanzania, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria.

Historia kwa ufupi

Klorini ilitengenezwa mara ya kwanza na mwanakemia Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi mwaka 1774. Mwaka 1810 Humphry Davy wa Uingereza alieleza kwamba ni elementi, akaipa jina kutokana na neno la Kigiriki linalotaja rangi ya kijani-njano. Mwaka 1897 ilitumika kusafisha mabomba ya maji ya mji wa Maidstone, Uingereza, baada ya mlipuko wa homa ya matumbo. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuitia mfululizo katika maji ya kunywa. Matumizi katika mabwawa ya kuogelea yalifuata mwanzoni mwa karne ya 20.

Gesi hiyohiyo ilitumika kama silaha huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Tofauti kati ya dawa na sumu iko katika kipimo na namna ya kuitumia.

Jinsi inavyofanya kazi

Iwe ni gesi, unga, maji au vidonge, klorini ikiingia bwawani hutoa asidi ya hipoklorasi. Sehemu ya asidi hiyo hugeuka kuwa ioni ya hipokloriti. Asidi ya hipoklorasi ndiyo inayoua vijidudu kwa haraka. Ioni ni dhaifu sana kuilinganisha nayo.

Uwiano kati ya hizo mbili hutegemea kipimo cha pH, yaani kiwango cha uasidi au ubesi wa maji. Kwenye pH 7.2 takriban theluthi mbili za klorini huwa katika hali ya asidi ya hipoklorasi. Kwenye pH 7.5 ni karibu nusu, na kwenye pH 8 ni karibu robo tu. Ndiyo maana mtu anaweza kuongeza dawa siku baada ya siku na maji yakabaki ya kijani: klorini ipo, lakini pH imeinyima nguvu.

Klorini ya bwawani hutajwa kwa namna tatu:

- Klorini huru ni ile ambayo bado haijatumika na iko tayari kuua vijidudu.
- Klorini iliyofungwa ni ile iliyokwisha kuungana na jasho, mkojo na uchafu mwingine wenye nitrojeni. Mazao yake huitwa kloramini.
- Klorini ya jumla ni hizo mbili zikijumlishwa.

Harufu kali ya bwawa na macho kuwasha hudhaniwa na wengi kuwa dalili ya klorini kupita kiasi. Kwa kawaida ni kinyume chake. Harufu hiyo hutoka kwenye kloramini, yaani klorini iliyochoka. Bwawa lenye klorini huru ya kutosha na maji safi halinuki sana. Anayepunguza dawa kwa sababu ya harufu anaweza kuwa anawaondolea watoto kinga iliyobaki.

Viwango vinavyofaa

Klorini hupimwa kwa miligramu kwa lita (mg/L). Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) kinashauri klorini huru isipungue 1 mg/L, au 2 mg/L ikiwa maji yana asidi ya sianuriki inayoelezwa hapa chini, na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8. Kwa bwawa la nyumbani la nje, kiwango cha 2 hadi 4 mg/L pamoja na pH ya 7.2 hadi 7.6 huacha akiba kidogo kwa siku ya jua kali au ya wageni wengi. Klorini iliyofungwa hutakiwa isizidi 0.4 mg/L.

Maji ya bomba yana klorini pia, lakini ndogo zaidi. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 0.2 mg/L ifike kwenye bomba la mtumiaji. Kiasi hicho kinatosha kulinda maji yaliyokwisha kutibiwa yakiwa ndani ya mabomba, lakini hakitoshi kwa maji ambamo watu wanaoga.

Kwa nini klorini huisha

Adui wa kwanza ni jua. Miale ya urujuanimno huvunja klorini huru, na katika bwawa lisilo na kinga sehemu kubwa inaweza kupotea ndani ya saa mbili za jua la mchana. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta na haina majira ya baridi kali ambamo mabwawa hufungwa, kwa hiyo upotevu huo huendelea mwaka mzima. Njia rahisi ya kuupunguza ni kutia dawa jioni jua likishatua, ili ifanye kazi usiku kucha.

Njia ya pili ni asidi ya sianuriki, ambayo huishika klorini na kuikinga na jua. Kiasi cha 30 hadi 50 mg/L kinatosha. Ikizidi hapo huishika klorini mno, na utendaji wake hupungua. Asidi hii haiishi kwa jua wala kwa kuchujwa. Hupungua tu sehemu ya maji inapomwagwa na kujazwa mapya.

Adui wa pili ni uchafu: jasho, mkojo, mafuta ya ngozi, majani, vumbi na mwani. Kuoga kwa sabuni kabla ya kuingia bwawani huokoa dawa nyingi. Kujua kama bwawa linaliwa na jua au na uchafu, klorini hupimwa usiku baada ya giza kuingia, kisha alfajiri kabla ya jua. Ikiwa imeshuka kwa zaidi ya 1 mg/L, jua halihusiki. Kuna mwani au uchafu unaoila, hata kama maji bado yanang'aa.

Hali ya Butimba

Ziwa Viktoria liko karibu na nyumba nyingi za Butimba, lakini kuogelea humo kuna hatari ya kichocho. Vimelea vichanga vya ugonjwa huo, viitwavyo serkaria, hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyemo majini. Kichocho cha matumbo, kinachosababishwa na Schistosoma mansoni, kimeenea kandokando ya ziwa, na ni mojawapo ya magonjwa yanayochunguzwa na kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mzazi anayejenga bwawa ili watoto wasiende ziwani anataka hasa maji yasiyo na serkaria. Bwawa lisilotunzwa halimpi hakika hiyo.

Chanzo cha maji ya kujazia kina umuhimu mkubwa. Butimba kuna kituo cha kutibu maji ya ziwa chini ya Mamlaka ya Maji Safi na Usafi wa Mazingira Mwanza (MWAUWASA), chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Kilijengwa kwa fedha za Serikali ya Tanzania, Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Maji ya bomba yaliyotibiwa ndiyo yanayofaa zaidi kujazia bwawa.

Maji yaliyovutwa kwa pampu moja kwa moja kutoka ziwani huja na tope, mwani na pengine serkaria. Serkaria huishi muda mfupi nje ya konokono. Maji yakihifadhiwa siku mbili hadi tatu bila konokono hufa wenyewe, na klorini huru ya 1 mg/L huwaua katika muda wa takriban nusu saa. Hata hivyo klorini ikitiwa kwenye maji yenye tope na mwani hutumika yote kabla ya kufanya kazi hiyo. Kwa hiyo maji ya ziwa hutulizwa kwanza kwa shabu, tope hutolewa chini, maji huchujwa, ndipo dawa hutiwa.

Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, yaani yana chumvi chache za kalisi na magnesi. Maji ya namna hii hayashiki pH yake vizuri: dawa kidogo huiyumbisha, na mwani huipandisha mchana. Dawa yake ni kuongeza ualkali hadi 80 au 120 mg/L kwa bikaboneti ya natiri (sodiamu), aina ya magadi inayouzwa pia kwa waokaji. Gramu 1.7 kwa kila mita ya ujazo huongeza takriban 1 mg/L. Maji laini pia hula saruji iliyo kati ya vigae, kwa hiyo klorini ya unga yenye kalisi huwa na faida ya ziada hapa.

Mambo mengine ya mahali ni haya:

- Vilima vya mawe. Mvua za vuli na za masika hushusha maji kwa kasi kutoka kwenye miamba, yakibeba udongo na hata maji ya vyoo. Ukingo wa bwawa hutakiwa uwe juu kuliko ardhi inayolizunguka, na mfereji uchimbwe upande wa juu.
- Vidudu vya ziwani. Vipindi fulani huruka kwa makundi kama moshi, hufuata taa na kuangukia majini. Taa ya bwawani izimwe na uso wa maji uondolewe uchafu asubuhi.
- Umeme kukatika. Pampu ikisimama, dawa haisambai na chujio halifanyi kazi. Dawa iliyoyeyushwa humwagwa kuzunguka bwawa lote na maji kukorogwa kwa brashi ndefu.
- Mbu. Bwawa lililoachwa bila klorini kwa wiki chache linaweza kuwa mazalia ya mbu wa malaria.

Aina za klorini

Hipokloriti ya kalisi ni unga au chenga nyeupe zenye klorini tendaji ya asilimia 65 hadi 70. Huhifadhika vizuri pakavu na huongeza kalisi majini.

Hipokloriti ya natiri ni klorini ya maji. Ile ya viwandani huwa na asilimia 10 hadi 12, lakini hupoteza nguvu upesi kwenye joto, hivyo isinunuliwe ya miezi mingi. Dawa za kufulia nguo nyeupe ni jamii hiyohiyo, ila dhaifu zaidi. Zenye manukato au sabuni hazifai bwawani.

Vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole kwa kawaida huwa na klorini tendaji ya asilimia 90 pamoja na asidi ya sianuriki. Vina urahisi wake, lakini kwa kila 10 mg/L ya klorini huongeza takriban 6 mg/L ya asidi hiyo. Bwawa linalotumia 2 mg/L kila siku kutoka vidonge hivyo hujikusanyia takriban 36 mg/L kwa mwezi. Baada ya miezi mitatu mwenye bwawa hushangaa kuona vipimo vya klorini ni vizuri na maji ni ya kijani. Vidonge hivyo pia hushusha pH.

Kupima

Bwawa linalotumika hupimwa klorini na pH kila siku, na ualkali kila wiki. Maji huchotwa kwa kina cha mkono hadi kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji kutoka kwenye pampu.

Kipimo cha DPD hugeuza maji kuwa ya pinki na hutenganisha klorini huru na ya jumla. Kuna kipimo cha bei nafuu kinachogeuza maji kuwa ya njano. Hicho huonyesha klorini ya jumla tu, kwa hiyo bwawa lililojaa kloramini huonekana salama. Tena klorini ikiwa nyingi mno, zaidi ya 10 mg/L hivi, hufuta rangi ya pinki ya DPD. Mtu asiyejua husoma sifuri na kuongeza dawa. Ikiwa pinki inatokea na kutoweka papo hapo, maji ya sampuli huchanganywa na maji yasiyo na klorini na kupimwa tena.

Hesabu ya dawa

Kanuni ni moja: gramu 1 ya klorini katika mita 1 ya ujazo huongeza 1 mg/L.

Kwa mfano, bwawa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.25 lina mita za ujazo 40, yaani lita 40,000. Kipimo kimeonyesha klorini huru 1 mg/L na inatakiwa ifike 3. Nyongeza ni 2, na 2 × 40 = gramu 80 za klorini tendaji.

- Kwa unga wa asilimia 65: 80 ÷ 0.65 = gramu 123.
- Kwa klorini ya maji ya asilimia 10: mililita 800 hivi.
- Kwa dawa ya nguo ya asilimia 3.5 isiyo na manukato: lita 2.3 hivi.

Kama klorini ya jumla ni 3.0 na klorini huru ni 2.2, iliyofungwa ni 0.8 mg/L, kiasi kilichozidi. Kuivunja huhitaji klorini mara kumi ya hiyo kwa mkupuo mmoja, yaani 8 mg/L. Katika bwawa hilo ni gramu 320 za klorini tendaji, sawa na gramu 492 za unga wa asilimia 65. Kazi hii hufanywa jioni, pampu ikizunguka, bila kifuniko, na watu hawaingii mpaka klorini huru ishuke chini ya 5 mg/L. Kutia nusu ya kiasi hicho hakutoi nusu ya faida. Kunaweza kuongeza harufu tu.

pH hurekebishwa kabla ya klorini. Ikiwa juu hushushwa kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Ikiwa chini hupandishwa kwa kaboneti ya natiri.

Mtoto akijisaidia majini

Klorini haiui vijidudu vyote kwa kasi moja. Kwa 1 mg/L, pH 7.5 na joto la sentigredi 25, bakteria hatari wa aina ya E. coli hufa kabla ya dakika 1 kwisha, virusi vya homa ya ini A katika dakika 16 hivi na Giardia katika dakika 45 hivi. Kriptosporidi, kimelea kinachosababisha kuhara, huhitaji takriban dakika 15,300, yaani zaidi ya siku 10.

Kinyesi kigumu kikionekana, watu wote hutoka, kinyesi huondolewa bila kukivunja, na klorini huru huwekwa 2 mg/L na pH isiyozidi 7.5 kwa nusu saa. Kinyesi cha kuhara ni jambo zito zaidi. Katika maji yasiyo na asidi ya sianuriki hutakiwa 20 mg/L kwa saa 12 na dakika 45, kisha chujio lisafishwe. Mtoto anayehara hapaswi kuingia bwawani kabisa.

Usalama wa dawa

- Klorini isichanganywe kamwe na asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Kila moja hutiwa kwa wakati wake, maji yakiwa yamezunguka katikati ya zoezi.
- Unga wa hipokloriti ya kalisi usichanganywe na vidonge, hata kwa kutumia kikopo kilekile. Unaweza kuwaka moto au kulipuka.
- Unga hutiwa kwenye ndoo ya maji, si maji kwenye unga.
- Dawa huhifadhiwa pakavu, penye kivuli na hewa, mbali na watoto, mafuta ya taa na mbolea. Isihamishiwe kwenye chupa za soda.
- Kama sakafu ya bwawa haionekani vizuri kutoka ukingoni, bwawa lifungwe hata kama klorini inatosha. Mtoto aliyezama kwenye maji yenye ukungu haonekani.

Kumwaga maji ya bwawa

Klorini kidogo sana inatosha kuua samaki. Butimba mitaro huishia ziwani, ambako sato, sangara na dagaa ni chakula na kipato cha watu wengi. Kabla ya kumwaga maji, utiaji wa dawa husimamishwa siku kadhaa na jua huachwa limalize klorini mpaka kipimo kisome sifuri. Baada ya hapo maji hayo yanaweza kumwagiliwa polepole kwenye nyasi au miti.